Baba Mzungu Hakumfanya Mtoto Huru

SWALI: Ninaandika tasnifu kuhusu Saint-Domingue, yaani Haiti ya leo, kabla ya uasi wa watumwa wa 1791. Je, nitakuwa sahihi nikisema machotara walikuwa huru kwa sababu baba zao walikuwa Wafaransa?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Swali hili naletewa kila muhula, na najua linakotoka. Huku pwani tumezoea sheria ya Kiislamu: suria akimzalia bwana wake, na bwana akamkubali mtoto, mtoto ni huru na anarithi. Majid na Barghash, masultani wa Zanzibar, walikuwa wana wa masuria. Basi watu huivusha sheria hiyo mpaka Karibiani bila hata kuifungua Code Noir, sheria ya Ufaransa ya 1685 kuhusu watumwa wa makoloni yake.

Ifungue. Kifungu cha 13: mtoto hufuata hali ya mama. Mama mtumwa, mtoto mtumwa, hata baba awe gavana. Kifungu cha 9 ni kikali zaidi: mwanamume huru aliyezaa na mtumwa atozwe faini ya ratili 2000 za sukari; na akiwa ndiye bwana wa mtumwa huyo, mama na watoto wachukuliwe, wawe mali ya hospitali, wasipewe uhuru kamwe. Asiye na mke aliweza kujinusuru kwa kumwoa mwanamke huyo kanisani. Faini waliipuuza mchana kweupe, lakini kanuni ya mama ilibaki palepale.

Kinachonikera hasa ni video za dakika moja zinazoonyesha jedwali la rangi la Moreau de Saint-Méry, mwanasheria wa kikoloni, lililogawa damu ya mtu mafungu 128, kana kwamba ndilo lililoamua nani huru. Jedwali hilo lilichapishwa Philadelphia mwaka 1797, utumwa ukiwa umeshafutwa kule Saint-Domingue!

Rangi haikuamua uhuru. Julien Raimond wa Aquin alizaliwa huru kwa kuwa mama yake chotara alikuwa huru. Akalima nili, akamiliki watumwa zaidi ya 100. Toussaint Louverture, mweusi aliyekuja kuongoza mapinduzi ya Haiti, alikuwa ameshapata uhuru wake kufikia 1776. Wakati huohuo machotara wengi walikuwa mashambani, wameorodheshwa kama mali.

Wala uhuru haukuwa usawa: tangu 1773 watu huru wasio wazungu, kama Raimond, walikatazwa majina ya koo za wazungu, na 1779 wakapangiwa hata mavazi.

Kwa hiyo usimwamini anayekusomea hadhi ya mtu kutoka kwenye picha au jina la baba. Ukishika rejista ya ubatizo, anza na mstari wa mama, uone kama jina lake limefuatwa na neno "libre", yaani huru.