Swali la lugha: Dereva hayupo, au haipo?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Laptopu yangu ya zamani ilifutwa ikawekwa Windows 7 upya, na tangu hapo mtandao uko chini. Nilimpigia fundi simu, akasema ninunue bando. Nikanunua, wapi! Nilipompelekea mashine akaniambia "dereva hayupo". Mwenzangu asema ni "dereva haipo". Nani kasema sawa? (Msomaji, Ngamiani, Tanga)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mwenzio kasema sawa. Upatanisho wetu hutazama uhai kabla ya umbo la neno. Kiboko wa mtoni amezama, kiboko cha kuchapia kimekatika. Vivyo hivyo dereva wa basi la Pangani hayupo, kaenda kunywa chai, lakini dereva ya kompyuta ni programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa chake, haina roho wala leseni, kwa hiyo haipo. Neno ni la Kiingereza, lilitufikia na magari. Ukipenda kuiita kiendeshi, basi hakipo. Sigombani nalo, ila wapo wanaokiita kiendeshi hata kile kinachosoma diski, na hapo mtapotezana.

Hilo limekwisha. Sasa nikurudishe kwenye sentensi uliyoipita mbio: "mtandao uko chini". Chini ya nini? Ya kitanda? Ya mnazi? Mtandao unatokana na tanda, ni ndugu wa utando wa buibui, na utando hukatika au hutatuka. Hicho ulichosema ni Kiingereza, "the network is down", kilichofungwa msuli.

Ningevumilia kama kingechoma sikio tu. Kasoro yake kubwa ni kwamba hakisemi kitu. Mtandao ukikatika, hupati wewe wala jirani. Ukisuasua, upo, ila picha moja hufunguka chai ikiwa imeshapoa. Usiposhika, jina la Wi-Fi unaliona lakini ukiingiza nywila unakataliwa, na Windows 7 hufanya hivyo ruta ikiwekewa ulinzi wa WPA3 peke yake, maana haiujui. Halafu kuna la kwako: kompyuta haiuoni mtandao. Orodha ya Wi-Fi ni tupu, na huku simu iliyo pembeni yake inashika bila taabu.

Ungesema hayo maneno matatu, "kompyuta haiuoni mtandao", fundi asingekutuma bando. Angekuambia ukaangalie kwanza kama swichi ya Wi-Fi ubavuni mwa laptopu imezimwa, kisha ufungue orodha ya vifaa ndani ya Windows (Device Manager) utafute alama ya mshangao ya manjano. Ukiikuta, kadi ya Wi-Fi ipo, dereva haipo. Hapo huchukuliwa namba za utambulisho wa kadi, zile zinazoanza na VEN na DEV, ikatafutwa dereva yake ya Windows 7 kwa mashine nyingine, ya biti 32 au 64 kulingana na Windows yako, ikaletwa kwa fleshi. Huenda ukahangaika kuipata: Microsoft iliacha kuitunza Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na kadi nyingi mpya hazitengenezewi dereva ya Windows hiyo. Wakati unatafuta, chomeka simu yako kwa waya wa USB utumie intaneti ya humo. Bando ulilonunua litapata kazi.

Na usidhani ni wewe peke yako. Usemi huo umepanda cheo, sasa umeketi madirishani maofisini. "Mtandao uko chini, njoo kesho." Umekatika? Unasuasua? Kompyuta ya karani imechomolewa? Hujui, na pengine naye hajui, lakini foleni yote inaitikia kwa kichwa na kuondoka. Watu wa Tanga husifiwa kwa "waja leo waondoka leo". Karani huyo ametutungia yake: waja leo, warudi kesho.

Fundi wako akishikilia "hayupo", mwache. Alau alijua kilichokosekana. Wewe wa "uko chini" ndiye sijakusamehe, mpaka uniandikie tena barua isiyo na neno hilo.