Eldoret, Iten, Kabarnet hadi Ziwa Baringo kwa baiskeli: anza na breki

Mkuu, nimeusoma uzi wako wote. Unatoka Mombasa, una baiskeli ya mtumba ya gia 21 yenye breki za kubana rimu, mzigo wa kilo 15, siku tatu mkononi, na unauliza ufanye mazoezi gani ili miguu ikufikishe Ziwa Baringo. Waliokujibu wameongelea miguu tu. Miguu ikigoma unashuka, unakokota, na bado unafika. Njia hii huwaumiza watu kwenye kushuka, na bondeni saa ya jua kali. Kwa hiyo nitaanza na breki, nije kwenye saa, gia baadaye.

Umbo la njia likoje? Eldoret iko mita 2,100 hivi kutoka usawa wa bahari, Iten kama 2,400, na kati yake ni kilomita 35 hivi za kupanda polepole kwenye mashamba. Ukipita Iten ardhi inakatika. Huo ndio ukingo wa Elgeyo. Lami inashuka kwa kona kali kupitia Kessup na Tambach hadi Biretwo, kisha inalikata Bonde la Kerio na kuvuka mto pale Chebloch. Baada ya daraja unapanda vilima vya Tugen hadi Kabarnet, karibu mita 2,000. Iten hadi Kabarnet ni kama kilomita 55. Kutoka Kabarnet unashuka tena, kama kilomita 40, hadi Marigat iliyo mita 1,100 hivi, na Kampi ya Samaki iko kilomita 20 mbele kando ya ziwa. Yaani unashuka karibu mita elfu moja mara mbili, na katikati ya mishuko hiyo unapanda zaidi ya mita 800.

Sasa breki. Wewe, baiskeli na mzigo mkifika kilo 90, kushuka mita 1,100 kunatoa nishati ya kuchemsha lita tatu za maji ya bomba. Upepo unachukua sehemu yake, lakini kadiri unavyoenda polepole ndivyo upepo unavyochukua kidogo, na kinachobaki chote kinaingia kwenye rimu. Mwoga anayebana breki mfululizo kutoka Iten hadi Biretwo ndiye anayepasua tyubu. Rimu ikipata moto, hewa ndani inapanuka, gundi ya viraka vya zamani inalainika, kiraka kinateleza na tairi linaishiwa hewa katikati ya kona. Kwa hiyo siku ya mteremko weka tyubu mpya isiyo na kiraka hata kimoja, angalau gurudumu la mbele. Yenye viraka iwe ya akiba.

Namna ya kushuka ni hii. Kwenye kipande kilichonyooka achia breki zote mbili, kaa wima, fungua kifua upepo ukukamate. Kabla ya kona, si ndani ya kona, bana kwa nguvu kwa sekunde chache, ya mbele zaidi kuliko ya nyuma, achia, kisha ingia. Rimu inapata nafasi ya kupoa kati ya kona na kona. Kila kilomita nne au tano simama mahali papana, nje kabisa ya lami, udondoshee rimu tone la maji. Likichemka papo hapo, kaa dakika kumi. Usiimwagie maji chupa nzima.

Mipira ya breki iangalie kabla hujatoka Mombasa. Ina mifereji usoni. Mfereji ukikaribia kuisha, badilisha jozi zote mbili, na ubebe jozi moja zaidi. Chomoa vipande vya alumini vilivyonasa kwenye mpira kwa ncha ya kisu, maana ndivyo vinavyoitafuna rimu. Rimu yenyewe ipitishie ukucha ubavuni: ikiwa imeingia ndani kama kijiko, usishuke nayo Iten. Waya wa breki hukatika pale kichwa chake kinapokaa kwenye mkono wa breki, mahali usipopaona. Bana mkono mpaka mwisho, chungulia ndani. Ukiona uzi mmoja tu umesimama kama unywele, huo waya umekwisha. Waya wa breki ni mnene, milimita 1.5 au 1.6, wa gia ni 1.2. Fundi akikufungia wa gia kwenye breki kwa sababu ndio alionao, kataa.

Kuhusu saa, hapa wengi hukosea kwa nia njema. Wanalala Iten, wanaanza kushuka alfajiri ili "wawahi baridi". Ukingo wa Elgeyo unatazama mashariki. Jua likishachomoza nyuma ya vilima vya Tugen linakupiga usoni moja kwa moja, nawe unashuka kwenye kona. Ukivaa miwani utaona vizuri. Shida ni matatu na lori zinazoshuka nyuma yako: dereva naye ana jua usoni, na wewe ni kivuli chembamba kwenye mng'ao. Mimi hushauri kugawa mteremko. Siku ya kwanza toka Eldoret saa kumi na mbili na nusu asubuhi, fika Iten kabla ya mchana, kula, pumzika, na saa tisa alasiri shuka hadi Kessup tu. Jua liko mgongoni kwako na mgongoni kwa madereva. Kessup ni kama rafu kwenye ubavu wa mlima, ina malazi, na bonde zima liko chini ya macho yako. Kesho yake kunapopambazuka, kabla jua halijatokea juu ya Tugen, malizia kushuka, na uwe umepita Biretwo kabla jua halijapanda sana.

Faida ya pili iko upande wa pili wa bonde. Ubavu wa Tugen unaoupanda kwenda Kabarnet unatazama magharibi. Asubuhi jua liko nyuma ya mlima au linakuja limelala. Kuanzia saa sita mchana linaupiga ubavu ule usoni na lami inarudisha joto. Ukianza kupanda saa mbili asubuhi unapanda mlima wa kawaida. Mlima huohuo ukiuanza saa sita, ni mlima mwingine. Joto la bondeni hupita nyuzi 30, na wewe umetoka kwenye baridi ya Iten jana yake, mwili haujajua.

Maji: vuka Chebloch ukiwa na lita nne. Kwa kila lita mbili, moja iwe na chumvi na sukari ya kuzuia kuishiwa maji, ile ya pakiti inayouzwa kila duka la dawa, kwa kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti. Wa Mombasa mnalijua jasho, lakini bonde lile ni kavu: jasho linakauka kabla hujaliona, unadhani hutoki jasho. Korongo la Chebloch utawaona vijana wakiruka kutoka kwenye mwamba hadi majini. Mto una mamba. Pumzika darajani, piga picha, endelea.

Gia sasa. Baiskeli nyingi za gia 21 zina meno 28 kwenye gia ndogo ya mbele na 28 kwenye kubwa ya nyuma. Hapo kila ukizungusha pedali mara moja, gurudumu linazunguka mara moja, kama mita mbili na kidogo kwa gurudumu la inchi 26. Ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika unakwenda kilomita saba na nusu kwa saa. Kwenye mwinuko wa asilimia 8 ukiwa na mzigo, mwendo huo unataka nguvu ambayo watu wengi hawawezi kuitoa kwa saa tatu mfululizo. Unaishia kukanyaga mizunguko 40, na magoti ndiyo yanayolipa. Dawa yake ni friwili (lile fungu la gia za nyuma) ya kusokota, ya meno 14 hadi 34. Inaingia palepale ilipokuwa ya zamani, na mwendo wako wa mizunguko 60 unashuka hadi kilomita sita. Hakikisha kile kijimkono cha nyuma kinachohamisha cheni kinafikia meno 34 bila kugusa, na cheni nayo ibadilishwe wakati huohuo, kwa kuwa cheni iliyovutika itaruka kwenye meno mapya. Chebloch hadi Kabarnet ni kama kilomita 20. Hesabu saa tatu na nusu pamoja na kusimama, wala usione haya kukokota kwenye kona za ndani.

Mzigo wa kilo 15 wote nyuma utavunja spoki, na itakuwa ya upande wa friwili. Huko ndiko spoki zimevutwa zaidi, na hukatika shingoni, pale zinapojikunja kuingia kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Aghalabu kosa ni spoki zilizolegea. Kila gurudumu likizunguka inalegea na kukaza, mpaka inachoka. Minya spoki mbilimbili kwa vidole ukilizunguka gurudumu lote. Inayolegea kuliko jirani zake ikazwe kabla ya safari. Beba spoki nne za urefu sahihi, zifunge kwa utepe kwenye bomba la fremu, na beba chombo cha kufungulia friwili ya aina yako hasa, kwa sababu bila hicho huwezi kuingiza spoki ya upande ule. Spana kubwa ya kukizungusha utaikuta kwa fundi yeyote wa pikipiki. Kilo tano au sita za mzigo hamishia mbele, chini kadiri iwezekanavyo. Boliti za keria zifungwe kwa nati zenye plastiki ndani, na zikaguliwe Iten na Kabarnet, maana mtikisiko wa kushuka huzilegeza. Kamba za mpira wa tyubu ni nzuri, ila ncha zake zifungwe: ncha inayoning'inia ikiingia kwenye spoki mteremkoni, gurudumu linasimama wewe unaendelea.

Pancha bondeni ni miiba ya migunga. Watu huipata kandokando, wanaposukuma baiskeli kwenda kivulini. Ibebe begani hatua hizo kumi. Kabla ya kuweka tyubu nyingine, pitisha kitambaa ndani ya tairi, kisha vidole taratibu. Ncha ya mwiba hubaki ndani ya mpira na kutoboa tyubu mpya baada ya kilomita moja.

Kabarnet hadi Marigat sitakuchosha nayo. Usidhani unashuka mara moja. Mji uko upande wa magharibi wa mgongo wa Tugen, hivyo kuna kupanda kidogo kwanza. Baadaye kona zinafunguka na mwendo unakuwa mkubwa, na hatari yake ni mbuzi. Akivuka mmoja, wa pili anakuja. Bana breki kwa ajili ya yule usiyemwona. Karibu na Marigat utakuta asali ikiuzwa kando ya barabara, na ni asali nzuri kwelikweli.

Miezi mizuri ni Desemba hadi Februari. Machi hadi Mei mvua huporomosha mawe kwenye ukingo, na huku juu mvua huendelea hadi Agosti. Rimu ikilowa, mzunguko wa kwanza au wa pili wa gurudumu breki haikamati kabisa, kwa hiyo igusishe mapema ijifute. Usalama: baki kwenye lami niliyoitaja. Upande wa kaskazini wa bonde, kuelekea Tot na Chesegon, na sehemu za Baringo kaskazini ya ziwa, wizi wa mifugo wa kutumia silaha umekuwa tatizo kubwa. Februari 2023 serikali ilipeleka hata jeshi. Uliza polisi Iten, uliza tena Marigat, na usiendelee kaskazini ya Kampi ya Samaki.

Basi la kutoka Mombasa: ngoa gurudumu la mbele, weka kipande cha mti kati ya miguu ya uma ili isibanwe, na toa pedali kwa spana ya 15. Ya kushoto ina uzi wa kinyume, inafunguka ukizungusha kama mshale wa saa. Lala usiku mbili Eldoret kabla ya kuanza, mapafu ya pwani yanahitaji hiyo siku. Ziwani piga hema ndani ya ua wa mahali pa kulala wageni, mbali na ukingo wa maji: viboko hutoka usiku kula majani, na ziwa limepanda sana miaka ya karibuni, kwa hiyo njia zao si zile za zamani. Kurudi, matatu za Marigat hadi Nakuru hupakia baiskeli juu. Ifunge wewe mwenyewe, upande wa cheni ukiangalia juu.