Nia ya Asiyeamini, na Nia Yangu

Swali lenu la wiki liliuliza hivi: "Je, mtu anayekana kuwapo kwa Mungu huongozwa na hoja, au huongozwa na machungu ya maisha yake?" Chini ya swali mlitanguliza majibu mafupi ya wasomaji watatu. Mmoja alisema ni kiburi cha elimu, wa pili akasema ni hasira ya mtu aliyeomba akanyimwa, na wa tatu akasema ni tamaa ya kuishi bila amri. Mimi ni Mkristo, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na kwa miaka mingi nimetumika katika chama cha akina mama kanisani kwetu. Ninaandika kwa sababu ninaye ndugu wa tumbo moja asiyeamini, na kati ya majibu hayo matatu hakuna hata moja linalomhusu.

Mama yetu alifariki mwaka 2014 baada ya kuugua kwa miezi saba, tukamzika nyumbani Taita. Shangazi yetu mkubwa, ambaye macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, hakuweza kusoma kitabu cha tenzi. Mdogo wangu akaenda kusimama kando yake, akainama, akawa anamsomea sikioni kila mstari kabla haujaimbwa, ubeti baada ya ubeti, mpaka wimbo wa mwisho na udongo ukiwa umekwisha kusawazishwa. Yeye mwenyewe hakuimba. Jioni, tulipokuwa tukiosha masufuria, niliwasikia jamaa wakielezana kwamba kijana yule alimwacha Mungu kwa kuwa alimwombea mama apone na mama hakupona. Maelezo hayo yalikuwa na huruma ndani yake, na walioyasema walimpenda, lakini hayakuwa kweli. Mdogo wangu aliacha kuamini mwaka 2009, wakati mama alikuwa mzima, analima na kuteremka Voi siku za soko kuuza ndizi. Najua hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyeambiwa kwanza.

Siku hiyo alikuja kwangu bila taarifa, akakaa barazani muda mrefu bila kuigusa chai. Alikuwa mwalimu wa watoto wa shule ya Jumapili, na mtoto mmoja alikuwa amemuuliza kwa nini rafiki yake Mwislamu, anayeswali mara tano kila siku na asiyesema uongo, asiende mbinguni. Alimjibu kama tulivyojibiwa sisi utotoni, lakini jibu lilipomtoka kinywani alilisikia kama linatoka kwa mtu mwingine. Tangu hapo alisoma, aliuliza wachungaji wawili, na aliomba. "Dada," aliniambia, "nimeomba miaka miwili nipate hakika, na kila nikimaliza nasikia sauti yangu mwenyewe tu. Siwezi kuendelea kuwafundisha watoto wa watu jambo nisilolijua." Kisha akalia. Sikuona kiburi kwake wala hasira. Niliona mtu aliyepoteza kitu alichokipenda na ambaye hakutaka kujidanganya kwamba bado anacho.

Nimelitafakari jambo hili miaka mingi, na nadhani sehemu ya tatizo imo katika neno letu "sababu", ambalo tumelibebesha mizigo miwili. Tukiuliza fulani anaamini jambo kwa sababu gani, huenda tunauliza kisa kilichomfikisha hapo, na huenda tunauliza kinachoonyesha kuwa jambo lenyewe ni kweli. Darasani niliishi na tofauti hiyo kila siku. Palikuwa na mtoto aliyejua kuwa 7 mara 8 ni 56 kwa kuogopa fimbo, na mwingine aliyejibu 54 huku akinitazama kwa hamu ya kunifurahisha. Nia ya wa pili ilikuwa safi kuliko ya wa kwanza, lakini jibu lake lilikuwa kosa, na ili kulijua kosa hilo sikuhitaji kuuchungua moyo wa mtoto yeyote. Nilihitaji kupanga vijiti saba saba katika mafungu manane juu ya meza. Kuwapo kwa Mungu hakupangiki kwa vijiti, nakiri, na ndiyo maana tunashawishika kuacha hoja na kukimbilia nia. Lakini tukikimbilia huko, haki inatutaka tuwapime watu wote kwa mizani hiyohiyo.

Chukueni mfano wa hapa Kenya. Chama cha wasioamini Mungu kilisajiliwa Februari 2016, na Aprili mwaka huohuo Mwanasheria Mkuu akausimamisha usajili wake baada ya watu wa dini kulalamika. Hata hivyo chama kiliendelea, na Mei 2021 kikatangaza kuwa katibu wake amejiuzulu kwa kuwa amempata Yesu Kristo. Naye alieleza kanisani kwamba alikuwa akipitia magumu ya maisha. Wengi walicheka, na wengi katika makanisa yetu walishangilia, nami nilikuwa miongoni mwa walioshangilia. Mdogo wangu aliponiuliza swali moja, sikuwa na jibu: ikiwa dhiki ikimtoa mtu kanisani tunasema kutoamini kwake ni machungu tu, basi dhiki ikimwingiza mtu kanisani tunaiitaje imani yake? Bado nafurahi kwa ajili ya katibu huyo, na naamini kwamba Mungu huweza kumfikia mtu kwa njia ya dhiki. Ila sina ruhusa ya kuihesabu dhiki kuwa ushahidi inaponifaa na kuiita udhaifu isiponifaa.

Wataalamu nao wamepigana kwa upanga huu wenye makali pande zote mbili. Mwaka 1927 Sigmund Freud, daktari wa Vienna, aliandika kwamba imani ya dini huzaliwa na hamu ya mtoto mnyonge ya kuwa na baba mwenye nguvu wa kumlinda. Mwaka 1999 mwanasaikolojia Mmarekani, Paul Vitz, aliye Mkatoliki, aliugeuza upanga uleule: alipitia maisha ya wakanamungu mashuhuri, akadai kuwa wengi wao walifiwa na baba mapema au walikuwa na baba dhaifu au mkatili. Hakuna kati yao aliyetuambia kama Mungu yupo au hayupo, na Freud alikuwa mkweli kiasi cha kukubali kwamba jambo kutamaniwa hakulifanyi kuwa la uongo.

Kisa cha Charles Darwin, mwanasayansi Mwingereza wa nadharia ya mageuko ya viumbe, kinanigusa zaidi, kwa kuwa kinafanana na cha nyumbani kwetu. Husimuliwa sana kuwa alipoteza imani kwa kufiwa na binti yake Annie, aliyefariki mwaka 1851 akiwa na miaka 10. Hakuna shaka kwamba kifo hicho kilimuumiza maisha yake yote. Lakini yeye mwenyewe alieleza kuwa kutoamini kulimwingia polepole mno, hata hakuhisi uchungu, na mwaka 1879 alisema katika barua kwamba hajawahi kuwa mtu wa kukana kuwapo kwa Mungu. Miongoni mwa yaliyomsumbua ni fundisho la adhabu ya milele, ambalo lingewahukumu baba yake, kaka yake na karibu rafiki zake wote wa dhati. Mkewe Emma aliamini, na mwaka 1839, mara baada ya ndoa, alimwandikia barua ya hofu na upendo kuhusu jambo hilo. Darwin aliitunza barua hiyo, na juu yake akaandika kwamba akifa, Emma ajue kuwa mara nyingi aliibusu na kuililia. Sijui ni kiburi gani cha elimu kinachobusu barua ya namna hiyo.

Sisemi kwamba hakuna anayeondoka kwa hasira. Wapo, na baadhi yao wana haki ya kukasirika. Tangu Aprili 2023, ilipoanza kufukuliwa miili zaidi ya 400 katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, miili ya waumini walioshinda njaa hadi kufa wakitumaini kukutana na Yesu, nimezungumza na watu ambao hawataki tena kumsikia mhubiri yeyote. Hasira yao haithibitishi kuwa Mungu hayupo, lakini inasema neno la kweli kuhusu sisi tulionyamaza.

Jibu ninalolikataa kabisa ni lile la tamaa, la kwamba mtu huacha kuamini ili apate raha. Labda lina nguvu katika nchi ambako kutoamini hakumgharimu mtu kitu. Kwetu hapa gharama yake ni kubwa. Katiba yetu ya 2010 huanza kwa kukiri ukuu wa Mwenyezi Mungu, na ingawa ibara ya 32 inampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, fikra, imani na maoni, maisha ya kila siku hayafuati ibara. Kikao cha harambee hufunguliwa kwa sala, mkutano wa wazazi shuleni vivyo hivyo, na mgombea wa kiti chochote huonekana Jumapili katika safu ya mbele. Katika sensa ya 2019, watu 755,750 kati ya zaidi ya milioni 47 waliandikwa kuwa hawana dini, na hata hao si wote wanaomkana Mungu. (Kwa ndugu zetu wa Tanzania hesabu hiyo haipo kabisa, kwa kuwa sensa yao haijauliza dini tangu 1967.) Mdogo wangu alipotaka kuoa, wazazi wa binti walitaka barua ya mchungaji. Mchungaji alikuwa tayari kuiandika, ilimradi mdogo wangu atamke mbele yake sentensi moja tu kwamba anaamini. Hakuitamka, na uchumba ule ukavunjika. Mtu wa tamaa angeitamka.

Jambo linalonishangaza zaidi ni kwamba dini zenyewe hazikuogopa kuuliza habari za nia ya muumini, bali sisi ndio tunaoogopa. Kitabu cha Ayubu kinaanza kwa swali hilo, na anayeliuliza ni Shetani: je, huyu anamcha Mungu bure, au kwa kuwa amezungushiwa ukingo na mali yake imebarikiwa? Mungu haliiti swali hilo la kipumbavu, analiacha lijibiwe. Katika Uislamu kila mtoto wa madrasa anajua hadithi ya kwamba amali huhesabiwa kwa nia. Inasimuliwa kuwa Rabia wa Basra, mwanamke Mwislamu mcha Mungu wa zamani, alionekana akibeba moto mkono mmoja na maji mkono mwingine, ili aichome Pepo na kuizima Jahanamu, watu wamwabudu Mungu bila kutamani ujira wala kuogopa adhabu.

Aliyelichimba jambo hili kuliko wengi ni Imamu Al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu. Alieleza kwamba tangu ujana wake aliona watoto wa Wakristo wakikua Wakristo, wa Wayahudi wakikua Wayahudi, na wa Waislamu wakikua Waislamu, akaikumbuka hadithi ya kwamba kila mtoto huzaliwa katika fitra, yaani maumbile yake safi ya asili, kisha wazazi wake ndio wanaomfanya awe wa dini fulani. Akataka kujua anachokijua yeye mwenyewe, mbali na alichorithi. Mwaka 1095, akiwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad, aliipima nia yake ya kufundisha na akaikuta si safi kwa ajili ya Mungu, bali inasukumwa na cheo na sifa. Kwa muda wa miezi sita alivutwa huku na huku, ulimi ukafungika hata asiweze kutoa somo, mwishowe akagawa mali yake na kuuacha mji. Alirudi kwenye imani yake akiwa ameishika kwa mkono wake mwenyewe. Ni wangapi kati yetu tunaowahukumu wasioamini tumewahi kujipima hivyo hata kwa wiki moja?

Desemba iliyopita mdogo wangu alikuja likizo, nami wiki hii nilipoliona swali lenu nikakumbuka mazungumzo yetu ya wakati ule. Aliniuliza kama nimewahi kuulizwa kwa nini naamini. Katika miaka yangu 63 sikuwahi kuulizwa, na mtu wangu wa kwanza kuniuliza alikuwa yeye. Nilimjibu kwa kadiri nilivyoweza. Naamini kwanza kwa kuwa nilizaliwa katika nyumba ambamo sauti ya kwanza alfajiri ilikuwa ya mama akiomba. Naamini pia kwa kuwa naogopa kufa, na kwa kuwa usiku ule mtoto wangu alipozaliwa akiwa hai baada ya wakunga kukata tamaa, nilihitaji mtu wa kumshukuru aliye mkubwa kuliko wakunga. Mtu akiniambia kwamba hizo ni nia na si hoja, nitamkubalia bila ugomvi.

Halafu kuna daftari. Mama alikuwa na daftari la shule la kurasa 96 alimoandika majina ya watu wa kuombewa, na katikati ya majina ya wanawe na wajukuu lilikuwamo jina la jirani aliyesogeza mpaka wa shamba letu na asiyewahi kuomba radhi. Aliliandika kwa mwandiko uleule wa majina yetu, akaliombea miaka 20. Siwezi kuigeuza sura hiyo kuwa hoja ya kumshinda mtu, lakini nikiulizwa kinachonibakiza kanisani, hapo ndipo mkono wangu unapoelekea. Nalitumia daftari hilo hadi leo, na jina la mdogo wangu limo katika ukurasa wa pili. Siku ile nilimuuliza kama angependa nilifute. Alilichukua daftari, akalitazama jina lake kwa muda, akasema niliache, kwa kuwa aliyeliandika ni mama.