Foleni ya kwanza niliondoka

Mhariri, swali lenu la wiki hii mmeuliza "ugonjwa umepamba moto, na chanjo yenyewe inasemwa ina madhara, kipi kinakufanya uiamini au uikatae?" nikasema hili ntalijibu maana mi nimefanya vyote viwili, nimekataa na nimekubali, chanjo ileile moja ya korona, ndani ya miezi mitatu, na wala sio kwamba katikati hapo nilienda kusoma au niliokoka.

Niko Mwanza, nauza dagaa Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba, mwaka wa 16 huu.

Kwanza tuelewane, watu wa huku hatukuzaliwa tunaogopa sindano. Nina watoto wanne na kadi zao za kliniki zote zimejaa, ya kifua kikuu, matone ya polio, surua, zote, na sikuwahi kuuliza hata siku moja hii dawa imetoka nchi gani, unamfunga mtoto mgongoni unaenda, akilia unamnyonyesha, usiku akichemka unamwogesha mnalala. Kwahiyo nikisikia mtu wa Dar anasema "Kanda ya Ziwa wanakataa chanjo kwa ushamba" huwa nakasirika kweli. Imani ilikuwepo tena nyingi, ikavunjwa, na walioivunja sio washamba.

Mnakumbuka wenyewe. Machi 2020 mgonjwa wa kwanza Arusha, ndoo za maji na sabuni kila mlango, tukaogopana hadi kupeana mikono. Mwanzoni mwa Mei hesabu ikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21 na haikusogea tena zaidi ya mwaka, mara tunaambiwa papai na mbuzi wamekutwa nayo maabara, basi tukapiga nyungu, kujifukiza mvuke wa majani, tangawizi ikapanda bei, maisha yakaendelea. Halafu Januari 2021 hayati Magufuli akiwa Chato, na Chato kwetu sisi ni nyumbani, akasema hizo chanjo hazifai, mzungu angekuwa na uwezo wa kutengeneza chanjo angeshaleta ya ukimwi, ya kifua kikuu, ya malaria. Tukapiga makofi. Mi mwenyewe nilipiga makofi na kovu la chanjo ya kifua kikuu liko hapa begani tangu utoto, siku hiyo wala sikulikumbuka! Na ya malaria, kumbe wenzetu ng'ambo ya ziwa kule Homa Bay, Kenya, walikuwa wameanza kuchanja watoto tangu 2019, chanjo ya majaribio, nimekuja kujua baadae sana.

Yule mzee nilimpenda na sijaacha. Machi 24 mwili wake ulipopita Mwanza nilifunga meza nikaenda Uwanja wa Kirumba, na kwetu uwanja na mwaloni ni pua na mdomo, nikalia na wenzangu. Miezi minne mbele, Julai 24, zinashuka dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson, tarehe 28 Mama Samia anachanja mbele ya kamera, na redio ileile iliyotuambia hazifai sasa inasema twendeni tukachanje. Sisemi mama alikosea, alifanya vizuri, alitoa mkono wake mwenyewe. Ila hamna aliyekaa chini na sisi akasema jamani pale mwanzo tulisema vile, sasa tunasema hivi, na sababu ni hii. Tuligeuzwa tu kama maandazi.

Mwaloni ilikuwa vituko. Kuna waliosema ukichanja balbu inawaka mkononi, kuna wa sumaku, kuna waliosema ndani ya miaka miwili wote tumekwisha (tupo). Utani mkubwa ulikuwa "sisi tumeshachanja zamani", maana dagaa wazuri wanaanikwa kwenye chanja, sio kwenye mchanga, basi ukimuuliza mtu umechanja anakujibu nimechanja gunia kumi ziko Ukerewe. Tunacheka. Lakini Februari ile tulikuwa tumemzika mzee wetu wa mizani, mtu aliyepima magunia yangu tangu siku ya kwanza nafika pale, Jumatatu anakohoa Ijumaa hayupo, na msibani ikasomwa "changamoto ya upumuaji", ndo lilikuwa jina lake kipindi kile. Mizani yake ilikaa wiki nzima hamna mtu anataka kuishika.

Kwahiyo Agosti nikaenda. Sikwenda kwa sababu ya tangazo, nilienda kwa sababu ya ile mizani.

Sasa kabla sijaenda mtoto wa dada yangu, yuko chuo, akanionesha kwenye simu kwamba Aprili 13 Marekani waliisimamisha chanjo hiyohiyo, wanawake sita wa kati ya miaka 18 na 48 waliganda damu, tena kugandia kubaya kwa kichwani, mmoja alikufa. Akanisomea na upande wa pili, kwamba walioshachanjwa walikuwa zaidi ya milioni 6.8, na baada ya siku kumi wakairudisha ikiwa na onyo. Mi nilikuwa na miaka 41. Hiyo milioni nikaisikia lakini iliyonikaa ni ile 41.

Nimefika kituo, siwataji, foleni sio ndefu, napewa fomu ya kusaini kwamba nachanja kwa hiari yangu. Nikamuuliza mhudumu kwa adabu tu, samahani, nimesikia hii inagandisha damu kwa kina mama wa umri wangu, ni kweli? Hakuniangalia hata usoni. "Mama haina madhara yoyote, hayo maneno ya mitandao, saini hapa." Nikamwangalia, nikaiangalia fomu. Kama haina madhara yoyote saini yangu ya nini? Na kama ni maneno ya mitandao mbona Marekani walisimamisha? Nikasema nimesahau kitambulisho nakuja, nikatoka, nikapanda hiace nikarudi zangu kwenye dagaa.

Niwaambie kitu kuhusu dagaa. Kipindi cha mvua ndo watu wanapimana. Dagaa wakinyeshewa kabla hawajakauka wanabadilika rangi, wanakuwa wachungu, hao ni wa kuku, lakini ukiwachanganya katikati ya gunia huku juu umeweka wanaong'aa mteja wa Kigoma au wa Congo hajui mpaka afike kwake. Wapo wanaofanya. Mi mteja akija namwambia gunia hili safi, lile pale lilipata mvua usiku wa juzi, bei yake ile. Anaweza asinunue lile, lakini hili safi analichukua bila kupekua mpaka chini. Sasa yule mhudumu alikuwa ananiuzia magunia yote ni safi, na mi nimeshaliona moja limelowa.

Novemba wakaacha kutusubiri hospitali wakaanza kutufuata. Minadani, misikitini, makanisani, na sisi wakatujia mwaloni, meza moja, mwavuli wa kampuni ya simu, na deli la bluu lenye barafu ambalo mwanzoni tulidhani wanauza barafu za watoto. Nesi alikuwa binti mdogo tu, Msukuma, kaanza na "mwangaluka mayu", yaani umeamkaje mama, kama mtu aliyelelewa. Nikamuuliza swali lilelile, kwa makusudi, nione.

"Ni kweli mayu."

Nikanyamaza.

"Una miaka mingapi?"

"41."

"Basi na wewe umo kwenye umri huo. Ni wachache sana, kwenye milioni unawahesabu kwa vidole, ila wapo, siwezi kukudanganya. Na korona yenyewe inagandisha damu kuliko hii sindano, hilo nimeliona wodini kwa macho yangu." Akachukua kadi, nyuma yake akaandika namba. "Ukichanja leo hesabu wiki tatu. Kichwa kikiuma sana kisisikie panadol, au tumbo, au mguu uvimbe, au pumzi ibane, usiende duka la dawa, nipigie mimi. Na usipochanja leo pia sawa, nipo hapa mpaka Ijumaa."

Kuna kijana mbebaji alikuwa amesimama nyuma yangu anasikiliza, akadakia hii si ndo inayofanya watu wasizae? Nesi akamuuliza kwenu mna maksai? Anao babu. "Maksai anavuta jembe?" Anavuta. "Anazaa?" Hazai. "Basi humu kuna kirusi cha mafua kimefanywa maksai, kinabeba ujumbe kinaupeleka mwilini ili mwili uijue sura ya korona, halafu kinaishia hapo, chenyewe hakizai. Aliyehasiwa ni yeye, sio wewe, wewe bado utawasumbua tu mabinti wa watu." Meza nzima tukacheka, kijana akakunja mkono wa shati. Nikamfuata.

Usiku homa, mkono mzito kama nimebeba gunia kwa bega moja, kesho yake nikapona. Lakini sikuacha kuhesabu. Kwenye kalenda ya duka la nyavu, ile ya ukutani, kila nikiamka napiga kijistari na kalamu, kimoja, viwili, vitatu. Mume wangu ananicheka, yeye hakuchanja na mpaka leo hajachanja, tumeshindwana kwa amani. Siku ya tisa kichwa kikanikamata saa kumi alasiri, aisee, nilikaa chini kwenye mchanga palepale. Nikapiga ile namba nikijua haitapokelewa.

Ikapokelewa mlio wa pili. Hakusema "usiogope", aliuliza kinauma wapi, kimeanza saa ngapi, naona ukungu? nimetapika? mguu ukoje? nimekula nini leo? Nikagundua sijala tangu asubuhi, boti ilichelewa tukasimama juani tunapokea mzigo. Akasema kunywa maji, kula, ndani ya saa mbili napiga mwenyewe, kama kipo vilevile unakuja wodini mi nipo zamu, njoo na ile kadi. Akapiga kweli. Kichwa kilishaisha nikaona hadi aibu. Nikapiga vijistari vyangu mpaka 21 nikaitoa kalenda.

Najua mtaniambia sio kila nesi anaweza kupokea simu za mwaloni mzima. Sawa. Ila mmeuliza mimi nini kilinifanya niamini, na mimi najibu la kwangu.

Mei 2022 mtoto wa dada akanitumia tena habari, Marekani wameibana Johnson & Johnson, wapewe tu ambao hawawezi au hawataki nyingine, sababu ni kulekule kuganda damu. Mwaloni ikawa "si tulisema!" Mi nikawaambia hapana, nyie mlisema balbu na sumaku. Kuganda damu nesi alituambia hapahapa chini ya mwavuli, na hao Marekani wamebana kwa sababu hawakuacha kuhesabu, tofauti na sisi ambao yetu ilisimama 509. Nilibishana hadi sauti ikakauka na sijui kama nilimgeuza hata mmoja.

Kilichonirudisha kwenye haya yote ni binti yangu wa mwisho. Mwaka 2024 alikuja na taarifa kutoka shule, wasichana wa miaka 9 mpaka 14 wanachanjwa kinga ya saratani ya mlango wa kizazi, dozi moja tu, na mtaani maneno yakawa yaleyale ya 2021 yamevalishwa sketi, eti watafanywa wagumba. Akaniuliza, "Mama, ina madhara gani?" Nikaona ona huyu, swali langu hili. Sikumjibu haina. Nikamwambia subiri, nikamtumia nesi meseji, bado nina namba yake na siku hizi anachukua dagaa kwangu.

Nesi akanijibu kwa sauti ndefu ya WhatsApp. Mkono utauma, wengine homa kidogo, na wasichana wa umri huo huwa wanazimia kwa woga ndo maana wanakalishwa dakika 15 kabla ya kuondoka, hakikisha amekunywa chai. Halafu akaniambia kitu sikuwa nakijua. Kwamba kabla ya kusema dozi moja inatosha, kuna wasichana 930 walifuatiliwa, kuanzia 2017, wengine dozi moja, wengine mbili, wengine tatu, wanapimwa damu kila baada ya muda, na baada ya miaka miwili karibu wote waliopewa moja kinga ilikuwepo. Na hao wasichana ni wa hapahapa Mwanza. Nikairudia hiyo sauti mara mbili. Yaani kipindi tunasema tunaletewa vitu tusivyovijua, waliopimiwa walikuwa watoto wa majirani zetu.

Nikamsikilizisha binti. Akasema kwahiyo naweza kuzimia? Nikamwambia unaweza. Akanywa chai vikombe viwili na kiporo cha ugali, akaenda. Jioni karudi anacheka mpaka anashindwa kuvua viatu, yeye hakuzimia, aliyezimia ni mwenzake wa mbele yake, tena sindano ilikuwa haijamgusa.