Bunduki ya kwanza ya shabaha: .308 ya nini, dada?

SWALI: Mwalimu, habari ya kazi. Mimi ni mhasibu hapa mjini Nairobi, naishi Kasarani. Rafiki yangu amenipeleka uwanja wa shabaha mara mbili, chini ya mkufunzi, na mchezo umenishika. Sasa nataka bunduki yangu ya kwanza, ya kulenga karatasi tu, si ya kujilinda. Pesa zangu si nyingi. Shemeji yangu anasema nisizipoteze kwa .22, ile ya risasi ndogo, kwa sababu ni ya watoto, ninunue .308 iliyotumika, ile ya risasi kubwa yenye nguvu, niweke darubini kubwa, na nitapiga vizuri tangu siku ya kwanza. Kuna pia jamaa anayesema anaweza kunipatia moja kwa nusu bei, halafu karatasi za leseni zitafuata. Nishauri.

JIBU: Dada yangu, shemeji yako sijakutana naye lakini namjua. Huja uwanjani karibu kila mwezi, kila mara na sura nyingine, na huwa amebeba begi refu jipya. Nunua .22 ya kukoki kwa mkono, ile unayoikoki mwenyewe kabla ya kila risasi. Ningeweza kuishia hapo, lakini hilo neno “ya watoto” limenikaa kooni miaka mingi, acha nilitoe.

Kwenye Olimpiki, shindano la bunduki la mita 50 hupigwa kwa .22. Ni risasi ile ile, ya gramu 2.6 hivi, ambayo Wamarekani waliianzisha mwaka 1887. Duara la kumi, lile la alama za juu pale katikati ya karatasi, lina upana wa milimita 10.4. Shika kitufe cha shati lako, kiweke mbali mita 50, halafu niambie mchezo wa watoto ni upi. Kwa mita 10 wanatumia bunduki ya upepo, na kumi yao ni nukta ya nusu milimita, kama ile unayoiacha ukigusa karatasi kwa ncha ya biro. Bingwa wa dunia anahangaika na nukta hiyo maisha yake yote kwa kitu kisicho hata na baruti.

Watu wanachanganya nguvu na usahihi. Nguvu inasaidia risasi kufika mbali na kuangusha kitu kizito. Sasa wewe unaenda mbali wapi? Mwanzoni utapiga mita 25, kisha 50. Na cha kuangusha hakipo, maana uwindaji Kenya ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hivyo hakuna nyati anayekungoja popote. Sina ugomvi na .308. Ni kaliba, yaani kipimo cha risasi, nzuri kwa mtu anayepiga mita 300 na zaidi na ana pesa za kuilisha. Kwako ni kama kukodi lori la kwenda mpakani Malaba upeleke mkate hapo jirani Zimmerman.

Lakini hasara yake kubwa haiko mfukoni, iko begani. Kuna kijana mmoja, injinia, alikuja na .308 yake yenye darubini nene kama mkono wangu. Alikuwa amepiga risasi kumi na tano, na matundu yametawanyika kwenye karatasi kama dengu zilizomwagika. Alikuwa na hakika darubini imeharibika. Sikuigusa. Nilimwomba nimpakilie magazini, kile kisanduku cha risasi, mimi mwenyewe, na katikati ya risasi za kweli nikaweka moja ya mazoezi, isiyo na baruti. Ya kwanza ikalia. Ya pili ikalia. Ya tatu ikasema “kach” tu, na sote tukaona mdomo wa mtutu ukizama chini, bega likienda mbele, macho yamefumbwa kabisa. Bunduki haijapiga chochote! Wenzake walicheka. Yeye aliiangalia ile bunduki kama mtu aliyesalitiwa.

Kosa halikuwa la bunduki. Teke la .308 ya kilo nne ni kama jouli 18 begani, ilhali la .22 ya kilo tatu halifiki hata jouli moja. Teke moja utalivumilia, na mawili pia. Likifika la ishirini mwili haukuombi ruhusa tena, unajikunja kabla ya mshindo, na ule mkunjo mdogo ndio unaopeleka risasi kwa jirani. Ubaya wake ni kwamba mwenyewe huuoni, kwa kuwa mshindo unauficha. Yule kijana tulimrudisha kwenye .22 ya klabu, na ilichukua wiki saba kabla mdomo wa mtutu kutulia. Wiki saba za kufuta alichojifunza kwa Jumamosi tatu, tena kwa gharama.

Tukiongea gharama, wewe ni mhasibu, utanielewa haraka. Bei ya bunduki unailipa mara moja, lakini risasi unazilipa kila ukienda uwanjani. Pesa ya risasi moja ya .308 inakununulia .22 kadhaa, na mkono unajifunza kwa kurudia. Anayepiga risasi mia moja za .22 kwa utulivu kila wiki atamwacha mbali anayepiga kumi za .308 mara moja kwa mwezi, hata kama bunduki ya huyo wa pili ni ya bei mara tano. Mimi huwaambia wanafunzi bunduki isile zaidi ya nusu ya bajeti. Nusu nyingine ni ya risasi, uanachama, kinga ya masikio na sefu ya chuma inayofungwa ukutani. Ukiwa mpangaji, mwenye nyumba atauliza kwa nini unatoboa ukuta wake. Lifikirie hilo mapema, nimeona watu wakikwama hapo.

Kuhusu aina, CZ 457 ya Wacheki sijaijutia kumshauri mtu yeyote. Ndugu zake wakubwa, 452 na 455, ukizipata kwa muuzaji mwenye leseni zikiwa zimetumika, usizidharau, mtutu wa .22 unapiga makumi ya maelfu ya risasi bila kuchoka. Kama mfuko umebana zaidi, Savage Mark II inatosha. Ruger 10/22 imekuwa ikitengenezwa tangu 1964 na watu wanaipenda, ila inajikoki yenyewe, na anayeanza akiwa na inayojikoki humwaga risasi kama mtu anayemwagilia sukuma wiki. Ile ya kukoki kwa mkono inakulazimisha upumue kati ya risasi moja na nyingine. Anschütz ya Mjerumani iache kwanza, itakuwepo.

Ukiikagua iliyotumika, kwanza hakikisha muuzaji ameitoa risasi na ameifungua mbele yako. Halafu ng'ang'ania mdomo wa mtutu, maana pale ndipo risasi inapoagana na bunduki. Chukua kijiti cha pamba cha kusafishia masikio, kizungushe taratibu kwenye ukingo wa ndani. Pamba ikinasa na kuacha nyuzi, kuna jeraha pale, na bunduki hiyo itakusumbua hata ikiwa inang'aa kama sufuria mpya. Angalia skrubu. Zikiwa zimetafunwa vichwa, kuna fundi wa jua kali amepita. Kisha weka kitako kwenye kunjo la kiwiko chako, mkono umepinda, uone kama kidole kinafika kwenye triga bila kunyoosha. Bunduki nyingi zimekatwa kwa kipimo cha wanaume warefu, na kitako kirefu mno kitakufundisha kusimama vibaya. Kupunguza kitako cha mbao ni kazi ya fundi anayejua, tena si kubwa.

Darubini kubwa? Nyingi za hizo kubwa zimewekwa kwa ajili ya yadi 100 au zaidi. Ukiitumia kwa mita 50, sogeza kichwa kidogo tu na utaona msalaba wa kulengea unatembea juu ya shabaha huku bunduki imetulia. Mwanafunzi anadhani ameyumba, anasahihisha kosa ambalo hakulifanya. Tena ukikuza mara ishirini unaona mapigo ya moyo wako mwenyewe na unaingiwa na hofu. Ya kukuza mara nne hadi tisa, iliyotengenezwa kwa .22, inatosha. Wengi wangefaidika zaidi wakianza na vilengeo vya chuma vya kawaida, lakini hapo nishazoea kushindwa mabishano.

Risasi nazo usinunue zile zinazojisifu kwa kasi. Zinatoka zikiwa juu ya mwendo wa sauti, ambao ni kama mita 340 kwa sekunde, kisha zinashuka chini yake njiani na kutikisika. Za kasi ya kawaida, mita 320 hivi, zinaanza chini na kubaki chini, na ndizo wanazopiga washindani. Nunua sanduku moja moja la aina tatu nne uone mtutu wako unapenda ipi. Mitutu miwili ya kiwanda kimoja inaweza kupenda risasi tofauti, na usiniulize kwa nini jioni ya Ijumaa.

Na muuzaji akikuonyesha karatasi yenye matundu matatu yaliyobusiana, akasema “unaona bunduki hii?”, mwombe kumi. Matundu matatu hata mimi na kikohozi changu nitayapata siku ya bahati. Kumi hayadanganyi kirahisi. Nimemwona mtu akizunguka na karatasi moja ya matatu miaka miwili, imechakaa kwenye pochi kama picha ya mchumba.

Kabla hujanunua chochote, rudi uwanjani na uombe .22 ya klabu. Mkufunzi akishathibitisha kuwa haina kitu, mwambie aingize risasi ya plastiki ya mazoezi, kwa sababu .22 ikifyatuliwa tupu hovyo, pini yake inaweza kugonga ukingo wa chemba, pale risasi inapokaa, na kuuharibu. Lala chini, lenga, kisha mkufunzi aweke sarafu ya shilingi kumi juu ya mtutu, karibu na mdomo. Bonyeza triga. Sarafu ikianguka, rudia. Ukifikisha mara ishirini mfululizo bila kuanguka, utakuwa umepata kile ambacho shemeji yako anakitafuta kwenye duka la darubini, na hujatumia risasi hata moja.

Sasa huyo jamaa wa nusu bei. Hapa naomba wengine wote mnaosoma msogee, kwa sababu swali hili halitoki kwa dada huyu peke yake.

“Karatasi zitafuata” haiwezekani. Si kwamba ni vigumu au ni polepole. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, cheti kinatangulia na bunduki inafuata. Unaomba, unachunguzwa, unaeleza unaitaka ya nini na utaihifadhi wapi, na Bodi ya Leseni za Silaha ndiyo inayoamua. Cheti kikitoka kinakutaja wewe na kinaitaja bunduki yenyewe, pamoja na kiasi cha risasi unachoruhusiwa kuwa nacho. Bunduki iliyokwisha kuwa mikononi mwako bila cheti haina mlango wa nyuma wa kuingilia kwenye daftari. Siku unayoipokea ndiyo siku umevunja sheria, na kesi yake si ya faini ya kanjo, wale askari wa jiji, ni ya jela. Wala hujui ilitoka wapi. Huenda iliibwa, au ilitumika mahali, na maganda yake yako kwenye maabara ya polisi yakisubiri kulinganishwa na yako.

Madalali hawa wamezidi. Wengine hawauzi bunduki, wanauza “njia”: lipa kiasi fulani, fomu itapita, huna haja ya kufika popote. Mwishoni mwa mwaka 2018 wenye bunduki nchini walipotakiwa kukaguliwa upya, nilipigiwa simu na watu watatu ninaowafahamu, watu wazima wenye kazi zao, wakiuliza kama cheti walichopewa ndani ya gari kwenye maegesho ya hoteli ni halali. Mmoja alikuwa bado hajui jina kamili la aliyempa. Wengine wanauza kozi ya siku moja na cheti chenye mhuri wa dhahabu, eti ukiwa nacho bodi haikuulizi. Itakuuliza. Na wako wanaosema chukua ya upepo, hiyo haina sheria. Usiinunue hata hiyo kabla ya kuiuliza bodi yenyewe, ana kwa ana, wala si kwa rafiki wa rafiki.

Nawashangaa zaidi wanaojua haya yote. Mtu anakuja kwangu kujifunza mchezo ambao kazi yake yote ni kutulia na kungoja, halafu kwa karatasi hataki kungoja hata mwezi. Nikisikia mwanafunzi amepita kwa dalali, hapigi tena kwenye mstari wangu, hata awe na mkono mzuri namna gani.

Kwa hivyo dada, peleka ombi lako mwenyewe, kwa miguu yako, na utumie muda wa kusubiri kwa ile shilingi kumi. Huyo jamaa akipiga simu tena, muulize jambo moja tu: nambari iliyochongwa kwenye hiyo bunduki, leo hii, iko kwenye cheti cha nani?