Mazombi wanakuja au yanakuja?

SWALI: Naandika uhakiki wa Dead Heat, filamu ya mwaka 1988 kuhusu makachero wawili wa Los Angeles, Roger Mortis na Doug Bigelow. Roger anauawa, kisha anafufuliwa kwa mashine na kuendelea na upelelezi. Niliandika "mazombi yanawavamia", mhariri akafuta na kuweka "wanawavamia". Lakini "maiti inafyatua risasi" ameiacha vilevile. Kama waliofufuka ni A-WA (ngeli ya anakuja, wanakuja), mbona huyu kabaki I-ZI (inakuja, zinakuja)?

JIBU: Mhariri wako amekubana pasipo na kosa, akakuachia penye tatizo.

Tuanze na ma-. Kiambishi hicho hakilazimishi YA. Umeandika mwenyewe "makachero", na sidhani kama ungethubutu kuandika "makachero yanapekua". Ni makachero wanapekua, kama madaktari wanavyotibu na mawaziri wanavyojiuzulu. Jina la mtu au mnyama laweza kuvaa umbo la ngeli yoyote, upatanisho ukabaki A-WA: kipofu anaimba, vijana wamefika, kifaru amejeruhiwa. Kwa hiyo zombi huyu, mazombi hawa, zombi anatembea, mazombi wanatembea. Ukitaka umbo lisilokuletea ugomvi na mtu, ni hilo.

Hata hivyo "yanawavamia" ina haki yake. Kiswahili kina desturi kongwe ya kumvua kiumbe utu au heshima kwa kumhamishia LI-YA: jitu lile linanguruma, jibwa limekata mnyororo, majitu yamerudi. Methali inasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi hilo linafahamiana na watu, linakula, tena lina uungwana wa kubakiza, na bado ni LI. Wazee hawakulinyima A-WA kwa kutojua sarufi. Walitaka litishe.

Hapo ndipo mwandishi wa filamu kama hii anapopata raha. Ukiandika "mazombi yanawavamia", msomaji anaona kundi lisilo na nafsi. Ukiandika "wanawavamia", anaona watu walioharibika, na watu walioharibika huweza pia kuchekesha. Filamu inayochanganya mapigano, vichekesho na vitisho inahitaji yote mawili. Wale majambazi wa mwanzoni, wanaoiba katika duka la vito na kumiminiwa risasi bila kuanguka, mimi ningewaita mazombi na kuwapa YA bila kusita. Sharti ni moja tu, nalo ni kwamba ukiingia YA, uingie mzima: "mazombi makubwa yanakuja", au "mazombi wakubwa wanakuja". "Mazombi makubwa wanakuja" ni sentensi iliyogawanyika katikati.

Sasa maiti. Wengi hudhani pumzi ndiyo inayoamua: aliye hai ni A-WA, akifa anahamia I-ZI. Sivyo. Marehemu ameacha mke na watoto, na hata akishafukiwa hatuandiki "marehemu imeacha". Wafu nao wanazikwa, hawazikwi kwa I-ZI. Kinachoamua ni kile ambacho jina linakitaja. Filamu yako ina mfano ambao mwalimu wa sarufi asingeweza kuubuni: katika duka la nyama, bata waliochinjwa na pande la nyama ya ng'ombe vinaamka na kuwashambulia makachero. (Nimekimbilia vi-, maficho ya kila mwandishi mwenye nomino zisizoelewana.) Watenganishe uone. Bata, hata bila kichwa, ni "bata wanawarukia", kwa kuwa jina linamtaja kiumbe. Nyama, hata ikipiga mateke, ni "nyama inawarukia", kwa kuwa jina linataja kitu. Usiisahihishe iwe "anawarukia". Kichekesho chote kimo katika ile i-. Kwa mantiki hiyohiyo tunasema polisi wawili wamefika, lakini magazeti huandika "polisi imetoa taarifa", yaani taasisi.

Maiti ndilo jina lenye miguu pande zote mbili. Mara hutaja mwili: maiti imepelekwa mochwari, maiti tatu zimeopolewa. Mara humtaja mtu: maiti haulizwi sanda. Angalia kitenzi hicho vizuri. Ingekuwa I-ZI, tungesema "haiulizwi". Matumizi yote mawili yamekubalika, na ndiyo maana mhariri wako hakushtuka.

Ila yeye hakuuliza ni maiti gani. Roger aliyefufuliwa ana akili zake, ana huzuni, anajua amebakiwa na takriban saa 12 kabla mwili wake haujaoza kabisa. "Maiti inafyatua risasi" inamfanya kifaa kinachoendeshwa na mtu mwingine. Hilo linawafaa majambazi wa duka la vito, yeye halimfai. Kwake andika "maiti anafyatua risasi", au umtaje tu kwa jina.

Ugumu halisi uko kwenye tukio la kufufuka, pale I-ZI inapotakiwa kugeuka A-WA. Usijaribu kugeuza ndani ya mnyororo mmoja wa vitenzi: "maiti ikafumbua macho, ikaketi, akauliza saa" inasomeka kama kosa la uchapaji. Mkatie msomaji sentensi, kisha ubadilishe kiima: "Maiti ilikuwa imelazwa. Mashine ikawashwa. Roger akafumbua macho, akaketi." Jina la mtu linabeba mageuzi yote na wewe huhitaji kueleza neno.

Hukuuliza kuhusu kimilikishi, lakini kitakufikia. "Doug na zombi wake" ni sahihi kisarufi, kama mbwa wake, na ndiyo maana inamfanya Roger aonekane wa kufugwa. "Zombi yake" nisingeitumia. Mtindo wa rafiki yake na ndugu yake umekaa zaidi kwenye majina ya udugu na uhusiano, na zombi si cheo cha ukoo. "Doug na mwenzake zombi" inatosha.