Binti yangu anaandika hadithi za mapepo: nilichome daftari?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Binti yangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili, tunakaa Tabata. Nimekuta daftari lake la hadithi. Msichana anakabwa usiku na kitu kizito kifuani, hawezi kupiga kelele. Bibi jirani ni mchawi mwenye macho mekundu, anatumiwa na jini la baharini Kigamboni. Mwisho msichana anataja jina la Yesu mara moja, bibi anaanguka, hofu inakwisha. Ameandika vizuri mpaka nikaogopa mwenyewe. Mwenzangu wa kikundi cha maombi anasema nilichome, hadithi za hivyo zinawafungulia mapepo mlango. Nifanyeje?

JIBU: Amina, mama. Usilichome.

Wanaotaka lichomwe huwa wanaikumbuka Efeso, Matendo 19:19, ambako vitabu vya thamani ya vipande 50,000 vya fedha vilitiwa moto. Lakini wenyewe ndio waliovileta na kuvichoma, na vilikuwa vitabu vya uganga, vya kufanyia kazi. Kumbukumbu la Torati 18 inakataza kutazama bao, kuloga, kupandisha pepo na kuwaomba wafu. Haikatazi kusimulia kwamba watu wanayafanya hayo. Mfalme Sauli anamwendea usiku mwanamke wa Endori, mpandisha pepo, amebadili mavazi asijulikane, na 1 Samweli 28 inatuonyesha mfalme anavyotetemeka, anavyoanguka, mpaka chakula alicholishwa kabla ya kuondoka. Namna yule mwanamke alivyoifanya kazi yake haikuandikwa. Mpaka uko hapo. Kama kwenye daftari kuna maneno ya kuita jini, dawa au siku za kwenda pwani, kurasa hizo azitoe. Nyingine zibaki.

Kwangu mimi tatizo la hadithi hiyo ni ule mwisho, na jibu lake liko katika sura ileile ya Matendo, aya chache kabla ya moto. Wana saba wa Skewa, wakitaka kumtoa mtu pepo, walilitumia jina la Yesu kama mtu anayejaribu funguo mlangoni. Pepo akawauliza wao ni akina nani, na yule mtu mwenye pepo akawapiga wakakimbia uchi wenye majeraha. Jina la Yesu likitajwa mara moja na kila kitu kikaanguka, hapo limegeuzwa hirizi. Filamu zetu nyingi zimetuzoesha hivyo: kelele, moshi, mchawi chini. Msichana wa miaka 15 akiisoma, usiku anaomba na moyo bado unamdunda, anahitimisha ama Mungu hakumsikia, ama yeye hana imani. Hadithi iliyotaka kumtoa hofu imemwongezea ya pili.

Mwambie amtazame Petro, Mathayo 14. Ni zamu ya nne ya usiku, yaani kati ya saa 9 na saa 12 alfajiri, wanafunzi wanamwona Yesu juu ya maji, wanapiga yowe wakidhani ni kivuli. Petro anashuka chomboni, anatembea, anauona upepo, anaogopa, anaanza kuzama. Sala yake ina maneno mawili tu: Bwana, niokoe. Mkono ulimshika upepo ukiwa bado unavuma. Ulikoma walipopanda chomboni. Mpangilio huo unafaa kuazimwa na mwandishi kijana: msichana wake alie, ashikwe, halafu atembee hatua chache gizani huku magoti yakitetemeka. Zaburi 56:3 nayo imeweka hofu na tumaini katika mstari mmoja: “Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe.” Kama anataka tukio la ajabu, 2 Wafalme 6 inalo. Nabii Elisha, mji ukiwa umezingirwa na adui, hakuomba jeshi lije. Aliomba kijana wake afumbuliwe macho, akaona farasi na magari ya moto kilimani.

Sasa kile kitu kifuani. Muulize kwa upole kama ni cha kutunga tu au kimempata. Kinachoitwa jinamizi mara nyingi ni ubongo kuamka wakati mwili bado umelegea kwa usingizi wa ndoto. Huchukua sekunde chache hadi dakika chache, mara nyingi huanza umri huohuo wa ujana, na huchochewa na usingizi mchache, saa za kulala zisizo na mpangilio na kulala chali. Wanafunzi wanaokesha mpaka saa 7 usiku kwa ajili ya mtihani wa taifa wanakijua. Alale mapema, alale ubavu, na kikimjia ajaribu kusogeza kidole kimoja cha mguu huku akipumua taratibu na kuomba kimoyomoyo. Kikirudi mara kwa mara mpeleke kwa daktari. Kuomba na kumwona daktari havigombani.

Kuhusu bibi wa macho mekundu, hapo mama uwe mkali. Nchi hii, hasa Shinyanga na Mwanza, vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho hayo, na mengi yaliharibiwa na moshi wa kupikia tu. Sheria ya Uchawi tunayo tangu 1928, na kumsingizia mtu uchawi ni kosa. Binti yako hakukusudia ubaya, amerudia anachosikia. Lakini msomaji wa rika lake atafunga daftari na kumtazama bibi wa nyumba ya pili. Waefeso 6:12 inasema kushindana kwetu si juu ya damu na nyama. Hadithi inapendeza zaidi bibi akiwa ndiye mtu pekee aliyewahi kuogopa vilevile, anayekaa na msichana mpaka umeme urudi.

Hadithi yake msomee mchana, si saa 4 usiku kitandani, sura moja kwa siku mbili tatu. Kabla ya kusahihisha lolote, msifu kwa kile kilichokuogopesha, maana ni kipaji. Kisha mwulize: katika sura hii nguvu iko mkononi mwa nani? Akijibu “msichana”, mwache akae nalo. Mwulize pia: asingeponywa usiku ule, angesema nini? Wale vijana watatu wa Danieli 3 walimwambia mfalme Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru la moto, “bali kama si hivyo” hawataisujudia sanamu. Binti anayeweza kuandika ukurasa mmoja wa “bali kama si hivyo” ameelewa kuliko wengi wetu wa mimbarini.

Na daftari mrudishie leo, umwombe radhi kwamba ulilisoma bila ruhusa.